KUCHORA MILIMA: CHA KARIBU KIKOZE, CHA MBALI KIFIFIE

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wahitimu wa kisomo na vikundi vya kusoma, Bagamoyo. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa, ili na wale ambao hawakufika wayasome na kuyajadili.)

  

Leo hatutazungumza habari za mbolea, wala choo bora, wala namna ya kutunza hesabu za kikundi. Hayo tumeyasema sana na tutayarudia. Leo tutazungumza habari ya kuchora. Tutajifunza kuchora milima, tena kwa namna ambayo mtu akiitazama picha ataona mara moja kwamba mlima huu uko karibu na ule uko mbali.

Tunajua wapo watakaoguna. Mmoja keshaguna hapa mbele, tumemsikia. Anasema, "Bagamoyo hapa mlima uko wapi? Sisi tuna bahari, minazi, mikoko na mashamba ya chumvi." Ni kweli, mzee wetu. Lakini subiri kidogo. Kwanza tutaeleza kosa letu wenyewe, maana somo hili lilianza kwa kosa.

KOSA LETU

Katika darasa letu moja alikuwapo bibi mmoja. Jina lake tunaliweka. Alizaliwa milimani Usambara, upande wa Mlalo, akaja pwani na mumewe aliyefuata kazi ya chumvi. Walizaa watoto hapa. Baadaye mume alifariki, bibi akabaki na watoto, kisha na wajukuu. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, na leo anasoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole.

Siku moja, baada ya somo la kuandika barua, wenzake walitoka, yeye akabaki ameinama juu ya karatasi. Tulimwuliza, "Bibi, barua haijaisha?"

Akajibu, "Barua nimemaliza, mwanangu. Sasa nataka kumwandikia mjukuu wangu milima ya kwetu. Ananiuliza kila siku ikoje, na mimi maneno yananiishia."

Tulitazama karatasi yake. Alikuwa amechora pembetatu tano zilizopangwa mstari mmoja, zote kwa mstari mweusi wa kukandamiza. Mwenyewe aliitazama, akatikisa kichwa. "Hii si milima," alisema. "Huu ni msumeno."

Hapo ndipo tulipokosea. Tulimwambia, "Bibi, kuchora ni kazi ya watoto wa shule na ya wenye kipaji. Wewe shikilia kusoma, usimalize penseli bure." Wenzake waliokuwa mlangoni walisikia, wakacheka. Bibi alikunja karatasi yake, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Wiki mbili hakuonekana darasani.

Ndugu zetu, kwa nini tulisema maneno yale? Tuseme kweli. Tulisema hivyo kwa sababu hatukujua. Chuoni kwenye ualimu tulifundishwa kuchora ubaoni ng'ombe, jembe, mtungi, na mlima wa pembetatu wenye jua juu yake. Basi. Bibi alipouliza jambo tusilolijua, tuliona ni rahisi kumwambia kwamba jambo lenyewe halina maana. Mwalimu kutojua si aibu. Aibu ni kumfanya mwanafunzi aone haya kwa sababu mwalimu hajui.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadhi ya wazee mliokaa hapa mnaukumbuka. Elimu hiyo haikuwekwa ili mtu aweze kutia sahihi tu na kusoma bei dukani. Iliwekwa ili mtu aweze kusema lililo moyoni mwake na likaeleweka. Bibi huyu alikuwa na jambo la kusema. Sisi tulimfunga mdomo.

Basi tulikwenda nyumbani kwake. Tulipiga hodi, tukamwamkia, tukamwomba radhi. Alitukaribisha kwenye mkeka, akacheka kidogo, akasema, "Yamekwisha, mwanangu. Lakini hujanifundisha." Tukamwambia, "Bibi, sisi hatujui. Tutafute anayejua, tujifunze pamoja."

TAZAMA KWANZA

Bagamoyo tuna bahati. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kwa hiyo katika mji wetu wachoraji hawakosekani. Tulimpata kijana mmoja anayeuza picha zake Mji Mkongwe. Tulimweleza shida ya bibi. Hakucheka. Alisema, "Bibi, njoo kesho alfajiri ufukweni. Njoo na wewe, mwalimu. Msije na penseli."

Tulishangaa. Kujifunza kuchora bila penseli? Tena milima, ufukweni? Lakini tulikwenda.

Kijana alitusimamisha mchangani, akatugeuza kuelekea kaskazini, huko mto Ruvu unakoingia baharini. Akasema, "Bibi, tazama mikoko. Niambie unaona nini."

Bibi alitazama. Mikoko ya karibu ilikuwa imekoza mpaka inaelekea weusi. Mizizi yake ilionekana mmoja mmoja. Mikoko iliyofuata ilikuwa ya kijani hafifu. Miti ilionekana, lakini majani hayakuonekana. Mbele zaidi palikuwa na utepe mwembamba wa kijivu. Hapakuwa na mti wala jani, ni utepe tu. Na huko mwisho kabisa palikuwa na kitu cha buluu, kimepauka, karibu kinafanana na mbingu.

Kijana akauliza, "Bibi, ile mikoko ya mwisho ina rangi gani?"

Bibi akajibu, "Mikoko ni kijani."

"Sikukuuliza unajua nini, bibi. Nimekuuliza unaona nini."

Bibi alinyamaza, akatazama tena. Kisha akasema taratibu, "Naona buluu. Kumbe ni buluu!"

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mkono haukosei kwanza. Jicho ndilo linalokosea, maana linaamini linachokijua badala ya kinachoonekana. Tunajua mlima una miti, basi tunachora miti hata mahali ambapo miti haionekani. Tunajua mlima ni mzito, basi tunauchora mweusi hata ukiwa mbali sana. Matokeo yake ni msumeno.

Na hili linamjibu mzee wetu aliyeguna. Sheria ya milima na sheria ya mikoko ni moja. Hata vyombo baharini vinafuata sheria hiyo hiyo. Ngalawa iliyo karibu imekoza, unaona kamba na mtu aliyeshika kasia. Jahazi la mbali limefifia, unaona tanga tu. Kwa hiyo mtu wa pwani anaweza kujifunza hapa hapa kwake. Siku atakayofika penye milima, macho yake yatakuwa tayari.

Ukisafiri kwenda Morogoro, ukishapita Chalinze ukakaribia mjini, tazama upande wa kushoto. Ile ni Uluguru, ambayo vilele vyake virefu vinapita mita 2,600. Ukienda Arusha, ukifika Korogwe na Mombo, Usambara iko kulia kwako. Safari nyingine usilale garini. Tazama. Hesabu mistari ya milima, mmoja nyuma ya mwingine, na uone jinsi kila mstari unavyofifia kuliko ulio mbele yake.

KWA NINI MLIMA WA MBALI HUFIFIA?

Je, mlima wenyewe umebadilika? Hapana. Ukiufikia utaukuta kijani na mawe yake yale yale. Kilichobadilika ni kilichopo kati yako na mlima, nacho ni hewa.

Tunasema hewa haionekani. Hewa kidogo haionekani, ni kweli. Lakini hewa ya kilomita nyingi inaonekana. Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake, kama tunavyoziona kwenye upinde wa mvua. Mwanga ukipita hewani, rangi ya buluu hutawanywa zaidi kuliko nyekundu. Ndiyo maana mbingu ni buluu. Sasa kati ya jicho lako na mlima wa mbali ipo hewa nyingi, nayo inatawanya ile buluu. Buluu hiyo huja machoni pako pamoja na sura ya mlima. Juu ya hayo kuna mvuke wa bahari, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Vitu hivyo huongeza weupe. Mlima unakuwa kama umevikwa pazia.

Mnaweza kujionea wenyewe. Chukueni chandarua cheupe. Mtu mmoja asimame nyuma yake mchana. Mtamwona vizuri. Kikunjeni chandarua mara mbili. Mtamwona, lakini uso hautambuliki vizuri. Kikunjeni mara nne. Sasa mnaona umbo tu, limepauka. Mtu ni yule yule, na hakusogea hata hatua moja. Yaliyoongezeka ni mapazia.

Ndiyo maana pia baada ya mvua kubwa mlima huonekana kama umesogea karibu. Mvua imeosha hewa, imeondoa vumbi na moshi. Wakati wa kiangazi, mioto inapowaka mashambani, mlima ule ule hujificha.

Jambo hili watu wamelijua zamani, na katika nchi nyingi. Leonardo da Vinci wa Italia, aliyeishi kati ya mwaka 1452 na 1519, aliandika kwamba milima ya mbali ichorwe kwa buluu zaidi kadiri inavyozidi kuwa mbali. Na kabla yake, mwaka 1072, mchoraji wa China aliyeitwa Guo Xi alichora milima kwa wino juu ya hariri. Picha hiyo ingali ipo hadi leo. Mwenye wino akitaka mlima wa mbali anaongeza maji. Akitaka mti wa karibu anaacha wino ukoze. Kwa hiyo msiseme, "Hatuna rangi." Weusi mmoja unatosha.

VIFAA

Vifaa ni vichache, na vingi mnavyo nyumbani.

Penseli ya kawaida ya shule inafaa. Ichongeni kwa wembe, ncha iwe ndefu kidogo, ili muweze kuilaza mnapopaka.

Kaa la jikoni linafaa pia. Chagueni kijiti chembamba kilichoungua mpaka ndani. Kaa linakoza upesi kuliko penseli, lakini pia linachafua upesi. Masizi ya sufuria yakichanganywa na maji kidogo huwa kama wino. Ongeza maji, yatafifia.

Karatasi iwe nyeupe isiyoteleza. Daftari linafaa. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita panafaa pia, kama hapang'ari.

Tafuteni kifutio na kitambaa kikavu. Tena tafuteni kipande cha pili cha karatasi, mkiweke chini ya mkono mnapochora. Huku kwetu joto ni kali na mkono unatoka jasho. Picha ya kwanza ya bibi iliharibika kwa jasho, ikabidi aanze upya.

NGAZI YA WEUSI

Kabla ya kuchora mlima wowote, fanyeni zoezi hili. Chora vyumba vitano katika mstari mmoja, kila kimoja kiwe na ukubwa wa kiberiti. Viandike namba 1 mpaka 5.

Chumba cha 1 kiache kama kilivyo, cheupe. Chumba cha 5 kijaze weusi kadiri penseli inavyoweza. Chumba cha 3 kiwe cha katikati, si cheupe si cheusi. Sasa jaza cha 2, kiwe kati ya 1 na 3. Mwisho jaza cha 4, kiwe kati ya 3 na 5.

Usikandamize penseli. Ilaze, paka taratibu kuelekea upande mmoja. Ukitaka ikoze, rudia juu yake mara ya pili, mara ya tatu. Ni kama kupaka chokaa ukutani. Koti moja halitoshi, na ukipaka nzito mara moja inamenyuka.

Ukimaliza, weka karatasi mbali, hatua tatu, uitazame. Je, unaona ngazi inayoshuka kutoka weupe hadi weusi? Au vyumba viwili vinafanana? Kama vinafanana, rekebisha. Bibi alifanya zoezi hili mara nne. Sisi tulifanya mara sita, wala hatuoni haya kusema.

HATUA ZA KUCHORA

Sasa tuchore milima mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, na mti mmoja mbele.

Hatua ya kwanza. Finya macho, yawe nusu wazi, utazame unachotaka kuchora. Ukifinya macho, vitu vidogo hupotea, yanabaki mafungu makubwa ya weusi na weupe. Hayo mafungu ndiyo utakayochora.

Hatua ya pili. Chora mistari ya migongo ya milima kwa wepesi sana, hata mwenzako asiione akiwa mbali. Mlima si pembetatu. Mgongo wake hupanda, hupumzika, huteremka, hupanda tena. Mistari hiyo ipitane, mmoja ujifiche nyuma ya mwingine. Msiipange kama watu kwenye foleni.

Hatua ya tatu. Mbingu iache nyeupe. Hicho ni chumba cha 1.

Hatua ya nne. Paka mlima wa mbali kabisa kwa weusi wa chumba cha 2. Paka wote sawasawa. Usiweke mti, usiweke jiwe, usiweke nyumba. Uko mbali.

Hatua ya tano. Paka mlima wa kati kwa weusi wa chumba cha 3. Hapa unaweza kuonyesha mabonde kidogo, lakini majani bado.

Hatua ya sita. Paka mlima wa karibu kwa weusi wa chumba cha 4. Hapa onyesha miti, njia na makorongo.

Hatua ya saba. Mbele kabisa weka mti au jiwe kwa weusi wa chumba cha 5. Huo mti ndio utakaosukuma milima yote nyuma.

Sasa kuna siri moja ambayo kijana wetu alituambia mwishoni. Alisema, "Kila mlima ukoze kileleni, ufifie ukishuka bondeni." Tulimwuliza sababu. Kabla hajajibu, bibi alidakia: "Mimi naijua! Asubuhi ukungu unalala bondeni. Ukisimama kwetu wakati wa baridi, huoni miguu ya milima. Unaona vichwa tu, kama visiwa." Kijana akasema, "Bibi, sasa wewe ndiye mwalimu."

Ni kweli kabisa. Ukungu na moshi wa majiko ya asubuhi hukaa chini. Kwa hiyo chukua kitambaa, futa kidogo sehemu ya chini ya kila mlima. Kilele cheusi cha mlima wa mbele kikikutana na miguu iliyofifia ya mlima wa nyuma, hapo hapo jicho linaona nafasi katikati. Linaona bonde ambalo hukulichora.

Jambo la mwisho ni jua. Amua jua liko upande gani. Kama liko kulia, ubavu wa kulia wa kila mlima uwe na mwanga kidogo, na wa kushoto uwe na kivuli. Isiwe mlima huu una jua la kulia na ule una jua la kushoto. Jua ni moja.

Lakini msiichukue kanuni hii kama sheria ya mahakamani. Theluji ya Kilimanjaro ni nyeupe hata ukiwa mbali nayo. Ukuta wa chokaa ulio karibu nawe, ukipigwa na jua, hung'aa kuliko mlima wowote. Kanuni inakusaidia kuanza. Baada ya hapo rudi kwenye jicho.

JE, TINGATINGA ALIKOSEA?

Mhitimu mmoja alituuliza swali zuri. Alisema, "Mbona picha za Tingatinga hazina hayo mapazia? Kila kitu kimekoza, na watu wanazinunua."

Edward Saidi Tingatinga alitoka Kusini, Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao, na alifariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache alianzisha mtindo uliokwenda dunia nzima. Hakukosea hata kidogo. Yeye alitaka mnyama au ndege akufikie usoni mara moja, kwa nguvu. Kazi hiyo haihitaji umbali. Ni kama kuimba na kusimulia. Zote ni kazi za sauti, lakini kila moja ina njia yake. Mtu akitaka kuonyesha chui, ajifunze kwa Tingatinga. Akitaka kuonyesha umbali, atumie mapazia.

Yupo pia mzee wetu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Alisoma Makerere, kisha London, na baada ya Uhuru aliiwakilisha nchi yetu huko London kama Balozi. Mtu huyu alikwenda mbali sana na kwao, lakini maisha yake yote alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna na wakisherehekea. Tulipomsimulia bibi habari hizi, alisema, "Basi na yeye alikuwa anamwandikia mjukuu."

PICHA YA BIBI

Bibi alichora kwa miezi miwili. Mkono wake unatetemeka kidogo, na macho si ya zamani. Picha ya kwanza iliharibika kwa jasho. Ya pili mlima wa nyuma ulikoza mno, ukaja mbele. Ya tatu aliileta darasani.

Wakati huu hakuna aliyecheka. Mbele kulikuwa na mgomba, umekoza, majani yake yamechanika kwa upepo. Nyuma yake mteremko wenye mashamba. Kisha mgongo wa pili, kisha wa tatu, na wa nne ulikuwa umepauka mpaka ukitazama upesi hukuuona. Mabondeni palikuwa na ukungu. Palikuwa pia na uzi mwembamba wa moshi. Tulimwuliza moshi ni wa nini. Alijibu, "Hapo ndipo jikoni kwa mama yangu."

Mbele ya darasa zima tulisimama tukamwomba radhi mara ya pili, maana kosa letu lilikuwa la hadharani.

Alimpa mjukuu picha ile. Mtoto aliishika, akaitazama, akaweka kidole kwenye ule mgongo wa mwisho. Akauliza, "Bibi, huku ni mbali?" Bibi akajibu, "Mbali sana, mwanangu." Mtoto akauliza, "Nyuma yake kuna nini?"

Bibi alitusimulia hayo akicheka. Alisema, "Sasa maswali yamezidi!" Lakini tuliona amefurahi. Mtoto hakuuliza tena milima ikoje. Sasa anauliza nyuma yake kuna nini. Na bibi ameanza kumsimulia.

VILIMA VYETU

Ndugu wahitimu, kabla hatujamaliza, tufikirie jambo moja. Sisi wa pwani tunasema hatuna milima, lakini vilima tunavyo. Viko vilima vya upande wa Lugoba na Msata. Kusini kwetu, njia ya Dar es Salaam, kuna Wazo na Kunduchi. Kutoka sehemu hizo hupatikana mawe, kokoto na chokaa ya kutengenezea saruji. Nyumba zetu na barabara zetu zimejengwa kwa vitu hivyo, kwa hiyo hatuwezi kulaumu tu. Lakini kilima kikishachimbwa hakirudi. Vijana wanaozaliwa baadaye hawatajua mahali pale palikuwaje, kama hakuna aliyepachora wala kupaandika.

Watu husema siku hizi kuna simu zenye kamera. Ni kweli, na pigeni picha kama mnaweza. Lakini picha ya simu huchukua nukta moja, na mara nyingi mtu hata hatazami alichopiga. Anayechora kilima hukaa nacho saa nzima. Huona korongo lililoanza mwaka jana, huona miti iliyokatwa, huona maji ya mvua yanapopita. Akitoka hapo anakijua kilima kile. Siku ya mkutano wa kijiji atakuwa na la kusema, tena atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

KAZI YA KUFANYA

Kila kikundi kifanye mambo haya kabla hatujakutana tena:

1. Fanyeni jaribio la chandarua. Andikeni mlichoona.

2. Kila mmoja achore ngazi ya weusi yenye vyumba vitano.

3. Nendeni ufukweni au shambani asubuhi mapema. Tazameni bila kuchora kwa muda wa dakika kumi. Kisha tajeni vitu vitatu: cha karibu, cha kati na cha mbali. Kila kimoja kina rangi gani? Semeni mnachokiona, msiseme mnachokijua.

4. Kila mmoja achore mahali anapopajua na ambapo mtoto wake hajafika. Chini yake aandike sentensi tatu za kueleza mahali hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kwa nini mlima huonekana karibu zaidi baada ya mvua? Je, katika kijiji chenu kuna kilima, kisima au mti mkubwa ambao haupo tena? Nani anakumbuka ulivyokuwa? Je, mmewahi kumwambia mtu kwamba jambo fulani si la umri wake? Ilikuwaje baadaye?

Ndugu zetu, tumefika mwisho wa maneno, lakini kazi inaanza. Tukikutana tena leteni karatasi zenu, hata zile zilizoharibika. Hizo zilizoharibika tutazitazama kwanza, maana ndizo zenye mafunzo. Na kama mkituuliza jambo tusilolijua, safari hii tutasema, "Hatujui. Twendeni tukatafute."

 Elimu haina mwisho.